Chachu Isiyo na Kufuli

Ilikuwa wiki ya sita tangu chumvi ya buluu iishe, na kiwanda cha Kwamdimu kilikuwa bado kinafanya kazi.

Jambo hilo lilikuwa limeanza kuwatia watu maneno mdomoni. Ukisimama kwenye tuta la reli ya zamani ungeyaona mabomba ya viwanda vitano bondeni. Vinne vilikuwa kimya kama makaburi. Cha tano, cha mkonge, kilikuwa kinapumua mvuke tangu asubuhi, korona yake, mashine ya kusaga majani, ikinguruma, singa nyeupe, nyuzi zenyewe, zikitoka upande mmoja na makapi ya kijani upande wa pili. Wengine walisema Kwamdimu wana mganga. Wengine walisema mtunza tangi wao alificha mifuko ya chumvi tangu mwaka juzi. Mwajabu Singano, ambaye ndiye huyo mtunza tangi, aliyasikia yote mawili na hakukanusha hata moja.

Tangu dhoruba zilipoangusha waya mkubwa wa umeme wa taifa, na serikali ikaona ni heri kuuacha ulale, kila kiwanda kilikuwa na moto wake. Kwamdimu walipika kwa makapi. Makapi yaliingia kwenye tangi la zege lililozikwa nusu ardhini, chachu ikayala, ikatoa gesi. Gesi ikazungusha injini, injini ikatoa umeme. Lile joto la injini, ambalo watu wa zamani walikuwa wakiliachia hewani kama mtu anayekula nyama akamwaga supu, lilikusanywa lote. Sehemu ilikausha singa, sehemu ilirudi kulipasha tangi lenyewe, na iliyobaki ilipita kwenye mabomba hadi nyumba mia mbili za wafanyakazi, shule na zahanati. Mwanamke akijifungua Kwamdimu, maji ya kumwogesha mtoto yalitoka bombani yakiwa ya moto. Watu walikuwa wamezoea, wakasahau kwamba ni neema.

Asubuhi hiyo mvua ya masika ilikuwa imekatika kidogo. Pikipiki ya kukodi ikasimama mbele ya kibanda cha tangi, akashuka mwanamke mwenye umri wa miaka sitini na minane, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Mwajabu alimtambua kabla hajauvua. Akatoka mbio.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu." Bi Ernestina Mhina alimpa mikono yote miwili. "Usinitengee kiti. Nimekuja kuomba."

Mwajabu alimwingiza ndani, akamvua mfuko, akampa kitambaa ajifute. Mama huyu ndiye aliyemfundisha kazi. Miaka ishirini na saba nyuma, Mwajabu alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa asiye na pa kwenda, Bi Ernestina alimpa nusu ya chumba chake na nusu ya chakula chake, akamfundisha kusoma geji, kupima uchachu, kulisikiliza tangi kwa sikio lililowekwa juu ya zege. Sasa mwalimu huyo alikuwa mtunza tangi wa kiwanda cha dripu cha Mkulumbi, mwendo wa saa moja kutoka pale.

"Akiba yetu ya chumvi imekwisha, na tangi letu limekufa juzi," Bi Ernestina alisema. "Tumejaribu kuni. Kuni za masika unazijua, zinalia tu, haziwaki. Mvuke haufiki pale unapotakiwa, na chupa ya dripu isiyoiva sawasawa ni sumu ndani ya mshipa. Nimezuia isitoke hata moja."

"Na kipindupindu?"

"Wilaya tatu. Watu wamelazwa kwenye mahema mpaka uwanja wa mpira. Ghala letu limebakiwa na dripu za siku nne." Alikunja kitambaa vizuri kama mtu anayejitafutia maneno. "Nigawie mfuko mmoja wa chumvi, Mwajabu. Nikipata mmoja, na punje ya chachu hai kutoka hapa, nitaliamsha tangi. Watu wanasema unayo."

"Mwalimu, sina."

"Mwajabu."

"Wallahi sina hata ya kuweka kwenye jicho."

Bi Ernestina aliinuka, akaenda kwenye ukuta wa geji. Gesi ilikuwa juu. Joto hamsini na tano, kama kitabu kinavyotaka. Alizisoma zote taratibu, kama anayesoma barua ya mtu aliyemdanganya, kisha akageuka.

"Basi niambie, mwanangu. Tangi lako linakula nini?"

* * *

Walipanda ngazi mpaka juu ya tangi, mahali ambapo hapakuwa na masikio mengine, na Mwajabu akasema yote.

Chachu ile haikuwa chachu ya mkate. Wataalamu waliitengeneza ili iule mkonge haraka kuliko kitu chochote kilichopata kuumbwa, na kwa kuwa waliiogopa waliifunga kufuli. Kufuli yenyewe ilikuwa njaa. Waliifanya ihitaji kitu kimoja ambacho hakipatikani ardhini wala majini, bali katika mifuko ya chumvi ya buluu iliyoletwa kwa meli. Isipoipata, kwa siku nne tu inakufa yote. Kwa hiyo hata ikivuja mtoni, haifiki mbali. Mwaka huu meli hazikuleta chumvi, na matangi ya bonde zima yalikufa moja baada ya jingine, kama yalivyopangiwa.

"Langu halikufa," Mwajabu alisema. "Siku ya nne nilikaa hapa nikilisubiri life. Siku ya tano gesi ikapanda. Mwalimu, chachu hii imevunja kufuli. Haiitaki tena chumvi."

"Umemwambia nani?"

"Meneja nilimwambia nina akiba ya mifuko. Wengine sikuwaambia kitu."

"Na sheria unaijua."

"Naijua. Nitoe taarifa siku hiyo hiyo, tangi limwagiwe chokaa mpaka life." Mwajabu alitazama mabomba yanayoelekea kwenye nyumba. "Nilisema kesho nitatoa. Kesho yake nikasema kesho. Halafu nikawa naogopa hata kuijaribu kwenye mmea nione itafanya nini, maana nikishapima nitakuwa najua, na nikishajua sitaweza kunyamaza."

Bi Ernestina alijua kwa nini. Mwajabu alikuwa mtoto wa Kwefundo. Huko, kabla kufuli haijabuniwa, chachu ya kwanza ilitoroka kwenye bwawa la taka ikaingia mashambani. Ilianza na mkonge mmoja, majani yakanyauka kuanzia katikati. Baba yake aliushika aung'oe, ukamjia mkononi kama uji. Kwa miezi mitatu ekari mia nane ziligeuka tope la kijani, na watu mia nne walifunga virago. Baba yake alikufa mwaka uliofuata bila ugonjwa wowote unaojulikana.

Chini ya miguu yao chachu ilibubujika.

"Chukua madebe sita," Mwajabu alisema ghafla. "Leo hii. Nitakutolea mwenyewe. Hutahitaji chumvi. Kwa siku tano utakuwa na mvuke. Hakuna atakayejua, na watu watapona. Mwalimu, ulinipokea nikiwa sina kitu. Sijawahi kupata cha kukulipa."

Bi Ernestina alitikisa kichwa. "Unanipa kitu kizuri kwa njia mbaya."

"Una siku nne!"

"Ninazo. Lakini sikiliza. Leo hatari iko katika tangi moja. Nikiondoka na madebe yako, itakuwa katika matangi mawili, na hakuna mkono wa mwanadamu utakaoirudisha. Kuzunguka tangi langu kuna watu wenye mkonge wao. Kuzunguka hapa wapo. Umewauliza?"

"Wakisema hapana je? Afisa akija na chokaa, akaua na hii moja iliyobaki? Utawaambia nini wale walioko kwenye mahema?"

Mama yule alishika reli ya ngazi kwa mikono miwili. "Sijui nitawaambia nini. Usidhani nina jibu mfukoni. Mjukuu wangu ni muuguzi huko uwanja wa mpira, jana alinipigia simu akilia. Lakini wewe umekaa na siri hii wiki sita peke yako, na nikikutazama naona imekula nyama yako yote. Ukinipa kwa siri nitaondoka nayo na mimi. Tutakuwa wawili."

Mwajabu alikaa chini juu ya zege lenye joto. Tangu chumvi iishe hakuna mtu aliyekuwa amemtazama usoni na kuona kwamba amekonda. Alilia kidogo, akajifuta kwa kanga, akachukua simu akampigia afisa mazingira wa wilaya.

* * *

Bwana Shemweta alifika saa nane mchana na lori la chokaa nyuma yake.

Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya kuchoka. Alikuwa amelala saa chache sana wiki nzima, kwa kuwa ofisi yake ndiyo iliyokuwa ikichimba vyoo vya mahema. Alisikiliza maelezo ya Mwajabu akiwa amesimama, hakumkaripia, akaandika. Alipomaliza alimwambia meneja, Bwana Kallaghe, aliyekuwa amepauka kama singa zake, awaite watu wote uwanja wa kuanikia. Sheria ilimpa afisa uwezo wa kuua tangi papo hapo. Ilimpa pia uwezo wa kuliacha kwa muda, kama walio katika hatari wamekubali wenyewe kwa sauti zao na yeye akaweka sahihi yake. Kifungu hicho hakikuwahi kutumika.

Walikuja wakataji na panga zao, wapakiaji, wanawake wa kuchambua singa, na wakulima wadogo ambao mashamba yao yalipakana na kiwanda. Mwajabu alisimama mbele yao.

"Nilikudanganyeni," alisema. "Sikuwa na akiba ya chumvi." Akawaeleza kufuli, na Kwefundo, na Mkulumbi. Hakuficha alilolijua wala asilolijua. "Mkiniuliza kama itakula mkonge ulio hai, jibu langu ni sijui. Ile ya Kwefundo ilikuwa kali kuliko hii. Hii imelelewa kwenye makapi yaliyokwisha kusagwa, inapenda joto la tangi, na nje pana baridi kwake. Nadhani haitaishi. Lakini nadhani si najua."

Kelele zilipanda. Mkataji mmoja aliuliza kwa nini chupa zisiletwe kuivishwa hapa hapa. Shemweta akamjibu kwamba joto la Kwamdimu ni la kukausha tu, halifiki kuua vijidudu. Mwingine aliuliza wao wenyewe watabaki na nini. Mwajabu alisema akitoa theluthi ya ile chachu nzito inayotulia chini, tangi litazimia kwa wiki tatu hivi: kikaushio kitafanya kazi nusu, na nyumbani hakutakuwa na maji ya moto.

"Wiki tatu za kuoga maji baridi," mwanamke mmoja wa kuchambua alisema. "Mimi nina dada yangu kwenye hema. Toeni."

Wengi walipiga makofi. Ndipo alipoinuka Siwatu Mbelwa.

Siwatu alikuwa na ekari nne za mkonge ng'ambo ya ukuta wa tangi. Watu walimnyamazia, kwa sababu wote walijua alikotoka: alikuwa mmoja wa wale mia nne wa Kwefundo, na alikuwa amefika hapa na watoto watatu na jembe lisilo na mpini.

"Ninyi mnaopiga makofi mna mshahara," alisema. "Mkonge wa shirika ukioza, mtahamia shirika jingine. Mimi nina hizi ekari nne. Mwajabu, wewe ni mtoto wa kwetu. Nilimjua baba yako. Ulikaa na kitu hiki wiki sita, mita thelathini kutoka kwenye shamba langu, ukanisalimia kila asubuhi, 'Habari za kuamka, mama?' Ulikuwa unaniuliza habari gani?"

Mwajabu alipiga magoti pale pale kwenye tope. "Nisamehe, mama. Nilikuogopa kuliko nilivyomwogopa afisa."

Siwatu alilitazama tope kwenye kanga yake.

"Inuka, unajichafua," alisema. Kisha akamgeukia Shemweta. "Mwanangu wa pili aliugua kipindupindu mwaka wa mafuriko ya kwanza. Aliwekewa dripu tano. Ya kwanza ilipoingia alikuwa hana macho, yamezama. Ya tano alinidai chai. Sijui ile dripu ilipikwa na nani, sikuwahi kumshukuru mtu. Kwa hiyo sitasema hapana. Lakini ndiyo yangu ina masharti."

"Sema, mama."

"Pandeni mikonge mia moja kati ya tangi na shamba langu, na mia nyingine kule Mkulumbi. Imwagilieni tope la tangi, tope lenyewe, si maji yake. Ikianza kula, ianze hapo. Na huyu," alimnyooshea Mwajabu kidole, "asiwe na kazi nyingine duniani. Kila siku aikague, mmoja mmoja, kuanzia moyoni. Mmoja ukinyauka, aje kuniita mimi kwanza kabla hajamwita mkubwa yeyote. Hapo chokaa imwagwe, hata kama ni siku ya Idi."

Shemweta alikuwa anaandika. "Na nani atasimamia kwamba chokaa itamwagwa?"

"Iache hapa hapa. Iache kwangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mifuko themanini ya chokaa ilishushwa na vijana wa korona ikapangwa kwenye banda la Siwatu. Lori likabaki tupu. Shemweta aliweka sahihi akiwa ameegemea bodi ya lori, akapiga mhuri, kisha akabaki ameishika ile kalamu kana kwamba haamini ilichoandika.

"Nikikosea," alimwambia Bi Ernestina kwa sauti ndogo, "watoto wangu watatajwa kwa jina hili."

"Na usipokosea hakuna atakayekumbuka jina lako," Bi Ernestina alisema. "Kwa hiyo mimi nakushukuru sasa hivi, baba, kabla hatujajua."

* * *

Madebe kumi na manane ya chachu yalipanda kwenye lori lile lile la chokaa. Chachu haikutakiwa ipoe chini ya digrii arobaini, kwa hiyo wanawake wa kuchambua walileta mablanketi kutoka vitandani mwao wakayafunga madebe kama watoto wachanga, na katikati wakaweka chupa za maji ya moto, ya mwisho kutoka bombani. Bi Ernestina alikataa kukaa mbele. Alikaa na madebe, mkono ukiwa juu ya moja, lori likateremka kuelekea Mkulumbi huku mvua ikianza tena.

Ghala la dripu liliisha mchana wa siku ya nne. Mvuke ulifika kiwango asubuhi ya siku ya sita. Katikati palikuwa na siku moja na nusu ambayo Bi Ernestina hakupenda kuisimulia, na mjukuu wake hakuisimulia kabisa. Lakini siku ya sita tanuri lilifunguliwa, trei ya kwanza ikatoka, chupa mia mbili na arobaini, zote safi. Mpimaji alipozipitisha, wafanyakazi hawakushangilia. Walizibeba wakaondoka nazo mbio.

Bi Ernestina alimpigia Mwajabu simu. Hakusema salamu. Aliweka simu karibu na bomba, na Mwajabu akasikia mvuke ukipita, ule mluzi mwembamba aliofundishwa kuutambua akiwa na miaka kumi na tisa.

"Unausikia?"

"Nausikia, mwalimu."

"Ahsante, mwanangu. Waambie wote. Yule wa dada yake, na wenye mablanketi. Mwambie Siwatu kwanza."

Mwajabu alikwenda kuwaambia nyumba kwa nyumba. Kwamdimu ilikuwa katika shida yake wakati huo. Tangi lilikuwa limezimia kama alivyosema, singa zilianikwa nje na kuanuliwa mara nne kwa siku kwa ajili ya mvua, watoto walioga maji baridi wakipiga mayowe, na nyumba nyingi zilirudi kwenye mkaa. Alitegemea kulaumiwa. Badala yake kila mlango aliobisha walimwambia aingie. Mtu mmoja alimwambia arudie tena habari ya zile chupa mia mbili na arobaini, mke wake alikuwa jikoni hakusikia.

Adhabu ilikuja kwa barua mwezi huo huo. Kwa kuficha habari, Mwajabu alinyang'anywa cheti cha utunzaji wa tangi kwa miaka mitatu. Alikabidhi funguo kwa msaidizi wake, akamwonyesha mahali zege linapopasha zaidi, akatoka. Alilala siku moja nzima. Ilikuwa mara ya kwanza tangu chumvi iishe kulala bila kuota baba yake.

Baada ya hapo kazi yake ikawa mikonge mia moja ya hapa na mia moja ya Mkulumbi. Asubuhi alikagua ya Kwamdimu, adhuhuri alidandia lori la dripu akakague ya kule. Alipiga goti mbele ya kila mche, akatenganisha majani ya katikati kwa vidole, akatazama moyoni, akanusa, akaenda wa pili. Miba ilimchoma mpaka mikono ikawa kama ya mkataji. Siwatu alimwangalia kutoka upenuni. Wiki ya tatu alimletea uji. Wiki ya nne alikaa naye wakati anaunywa.

* * *

Siku ya arobaini na moja, mche wa sitini na tatu wa Kwamdimu ulikuwa umelala.

Mwajabu aliuona kutoka mbali, akasimama. Majani ya katikati yalikuwa ya manjano, yamelegea, yote upande mmoja. Jua lilikuwa limetoka vizuri. Nyuma yake kiwanda kilikuwa kinanguruma, tangi limepona, na mahema ya uwanja wa mpira yalikuwa yamebaki matatu. Viwanda vitatu vya bondeni vilikuwa vimeomba chachu, na Shemweta alikuwa ameahidi kuwajibu siku ya hamsini.

Angeweza kuung'oa. Alilifikiria hilo, na hakujidanganya baadaye kwamba hakulifikiria. Mche mmoja kati ya mia, angepanda mwingine kabla Siwatu hajatoka jikoni. Badala yake aligeuka akaenda kwenye banda lenye mifuko themanini, akagonga nguzo.

"Mama. Umelala mmoja."

Siwatu alitoka na panga. Hakuuliza upi. Walitembea pamoja, wakafika, na mama yule akasimama akautazama ule umanjano, na uso wake ukawa uso aliokuwa nao barabarani siku ile walipokuwa wanaondoka Kwefundo. Mwajabu aliukumbuka.

"Shika," Siwatu alisema.

Mwajabu aliuinamia. Alifumba macho, akaingiza mikono yote miwili katikati ya majani mpaka chini kabisa, akasubiri ule uji.

Mikono ikagusa kitu kigumu.

Akavuta. Mche haukung'oka. Akavuta kwa nguvu zote, ukatoka na mizizi yake na udongo, mzito, imara, ukamwangusha kitako. Siwatu aliuweka juu ya jiwe akaupasua kwa panga mara moja. Moyo ulikuwa mweupe kama muhogo. Ila upande mmoja palikuwa na tundu la ukubwa wa kidole, limechimbwa kwenda ndani, na mwisho wa tundu kulikuwa na buu nene, na nyuma ya buu mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, akijikokota kutafuta kivuli.

Wote wawili walimtazama.

"Fukusi," Siwatu alisema.

"Fukusi?"

"Fukusi wa mkonge! Huyu tangu enzi ya babu zetu. Mwaka jana kaniulia miche thelathini, mwanaharamu huyu." Alimchukua kwa vidole viwili, akamgeuza juani, miguu yake ikipunga hewani. "Kumbe ni wewe tu, baba. Kumbe ni wewe."

Mwajabu alikuwa bado amekaa chini na udongo kanga nzima. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kikarudi kicheko. Alijaribu kusema Alhamdulillahi, ikatoka vipande vipande. Siwatu aliketi kando yake, jambo ambalo magoti yake hayakumruhusu kwa urahisi, akampangusa uso kwa ncha ya kanga yake mwenyewe.

"Basi, mwanangu. Basi."

"Imebaki thelathini na saba hapa," Mwajabu alisema alipopata sauti. "Na mia ya Mkulumbi. Na kesho tena."

"Najua. Mwaka mzima, na mwaka mwingine." Siwatu alimweka yule mdudu kwenye jani, mbali kidogo na shamba lake, kisha akafikiri vizuri, akamponda kwa kisigino. Akanyoosha mkono ili Mwajabu amsaidie kuinuka. "Twende. Mimi nitashika mstari ule, wewe shika huu. Wawili tutamaliza kabla jua halijawa kali."